Mkono Ulioganda Shavuni

Nitasema tu, mnicheke. Kwenye mchezo wangu wa miwani ya dunia bandia, kamera za miwani zisipokiona kishikio anachoshika mchezaji, mkono wa kwenye picha ulikuwa unarukaruka. Nikauamuru ugande pale ulipoonekana mwisho. Gitega niliujaribu peke yangu, ukatulia tuli, nikajiona fundi.

Muyinga, mbele ya bosi, nikamvisha miwani Mama Riziki, mkulima, nikampa na kishikio. Akamwona mzee wa kwenye picha, akanyoosha mkono kumsalimia, na kwa heshima akaushika kwa mkono wa pili. Mkono huo wa pili ukakiziba kishikio, kamera zikakipoteza, mkono wa kwenye picha ukaganda hewani. Mzee akainama kujibu salamu, shavu likaugonga.

"Yesu wangu, nimempiga!" Mama Riziki akapiga magoti.

Bosi akafoka: "We Mrundi gani usiyejua salamu hii?"

"Nilikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, bosi."

Mama Riziki akainua uso, miwani ingali machoni. "Hata mi nilikulia hukohuko, mwanangu. Tulisalimiana hivihivi."