Nyayo za Ambindwile na Bomba la Meneja

Kwa miaka ishirini na miwili, kipimo cha mivujo pale kiwanda cha chai kilikuwa nyayo za Ambindwile wa Kyimo. Asubuhi anavua viatu, anatembea juu ya bomba la maji moto lililofukiwa kutoka boila hadi nyumba ya meneja. Bomba lenyewe alilitandaza Mzungu mmoja wa zamani chini ya migomba, asije akaoga baridi ya Rungwe kama binadamu wengine. Ambindwile akihisi joto anachimba, anaziba, anavaa viatu. Basi.

Kiwanda kilipobinafsishwa, gharama za matengenezo ziligundulika kuwa dhambi, matembezi ya asubuhi yakakatazwa, na maji yakaanza kufika kwa meneja yakiwa vuguvugu. Bwana Wilson, meneja mpya, akamleta mtaalamu kutoka Dar, Andrea, na mashine ya kusikiliza mabomba.

"Atakayepata panapovuja ndiye atakayebaki," akatangaza. "Mkataba miezi mitatu. Huu ndio ushindani!"

Andrea akavaa vidude vyake masikioni, akasikia maji kila mahali. Tukuyu, mwezi wa nne! Akachimbisha mashimo saba, na yote yalikuwa na maji kweli. Ya mvua.

Ikawa zamu ya Ambindwile. Alipofika penye migomba, nyayo zikaona raha. Hapohapo alikuwa ameketi mkewe, Tusekile, juu ya majani makavu ya mgomba, uso ameukunja. Chini ya majani hayo kulikuwa na shimo la kuvumbika ndizi. Za wenzake huiva kwa wiki nzima. Zake, kwa hisani ya mwekezaji, siku mbili tu.

"Kumbe ndiyo maana unawawahi wote sokoni!" Ambindwile akanong'ona.

"Ukichimba hapa, baba Atupakisye, Jumamosi nitapeleka nini?"

"Na kazi yangu?"

"Kazi gani, ya kumwogesha Wilson? Miezi mitatu, halafu?"

"Vipi, mzee?" Wilson akapaza sauti kutoka barabarani, viatu vyake vikiogopa tope. "Kuna joto hapo?"

Ambindwile aliikumbuka ile miaka yake ishirini na miwili. Akazikumbuka na ndizi. Vidole vyake vikajikunjua taratibu kwenye udongo wa moto.

"Baridi tupu, bosi."

Mkataba akapewa Andrea, kwa kuwa mashimo yake angalau yanaonekana. Wilson anaoga maji ya uvuguvugu, analaani kuni, anaamuru magogo yaongezwe. Ambindwile naye, mstaafu asiye na barua, anapakia mikungu kwenye malori ya Dar. Wanunuzi wakimuuliza siri ya kuivisha haraka hivyo, anawajibu kwa heshima zote:

"Uwekezaji."

Wiki hii anachimba shimo la pili.