Barua Niliyoipeleka Mwazye

Kupata watu wa kujitolea Sumbawanga si kazi. Kazi ni kubaki nao. Nilikuwa nikibandika tangazo mtaa wa Majengo asubuhi, mchana ofisi imejaa vijana na vyeti vyao. Wakishasikia kwamba ni kuwatembelea wagonjwa vijijini, na posho hakuna, wananiaga kwa adabu zote, na simu zangu hawapokei tena. Kwa hiyo nikawa mkali. Asiyeleta ripoti miezi miwili, namwondoa.

Mama mmoja wa kijiji cha Mwazye alifikisha miwili. Nilimwandikia barua ya kumwondoa, nikapanda bodaboda kuipeleka mwenyewe, nimefura. Nyumba yake niliikuta imefungwa, majani yameota mpaka mlangoni. Nikajisemea, huyu naye katukimbia. Jirani akaniambia yuko kwa mgonjwa wake, mjane aliyepooza upande mmoja.

Kabla sijafika kwa mjane nilisikia majembe. Shamba lake lote lilikuwa limejaa watu, wanageuza nyasi na kuzifukia kwenye matuta ya mviringo, kama tunavyolima Ufipa mvua zinapokaribia kwisha. Msimu huo ukikupita, mwakani ni njaa. Na kwetu watu hawaji kukulimia hivi hivi. Mwenye shamba ndiye anayewapikia pombe ya ulezi. Mjane angepika kwa mkono gani? Aliyepika ni mama yule, kwa ulezi wa ghala lake mwenyewe. Matuta yalipanda kilima mpaka yakaingia kwenye ukungu, na bado watu walikuwa wanaongeza. Miaka yote ya kusimamia watu, sijawahi kuita hata kumi wakaja wote.

Mama yule aliniona, akaja akijifuta udongo mikononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe, ripoti sijaleta. Kuandika najua, ila kuna swali moja kwenye fomu yenu linanishinda."

"Lipi, mama?"

"Linauliza nimemtembelea mgonjwa mara ngapi. Sasa umekuja, niandikie wewe. Andika mara moja."

"Mara moja? Kwa miezi miwili?"

"Ee. Niliingia siku ile alipoanguka. Sijatoka bado."

Nikatoa kalamu, nikaandika moja. Barua niliiacha mfukoni.