Vijiko Vilivyosimama kwa Mama Tusekile

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, umeme ulikatika hapa Tunduma tamthilia ikiwa imefika patamu. Tulikuwa mgahawani kwa Mama Tusekile. Madereva wa malori, waliokuwa wakisubiri foleni ya mpakani, walinuna kama waliotapeliwa. Mimi, kijana muuza vitenge, nikaona hao ndio wateja. Nikatoa karatasi za hadithi niliyoiandika, ya mke aliyemkimbia mumewe kisha akarudi, nikaanza kuwasomea.

Kabla ya ukurasa wa pili walikuwa wametoka. Afadhali wangesema ni mbaya. Walisema wanakwenda kuangalia matairi.

"Wakikukimbia tena," Mama Tusekile akaniambia, "hizo karatasi nafungia maandazi."

"Mama, hawa watu hawapendi hadithi."

"Hawapendi, na kila siku wananisumbua niwashe televisheni? Wewe unamtajia mteja bei ya mwisho kabla hajashika kitenge?"

"Thubutu!"

"Mbona umeanza kwa kutuambia mke alisamehewa? Kesho njoo, ipe televisheni mgongo. Watazame walaji."

Nikaja. Nikaona kijiko kinasimama kabla ya kufika mdomoni pale mtu wa kwenye tamthilia anapoficha jambo, au anapoulizwa swali akanyamaza. Akianza kuhubiri, watu wanaomba chumvi. Marudio nayo nikayatazama, maana mimi kitu nakihesabu mara mbili, safari hii nikiikodolea macho televisheni yenyewe. Kila kipande kilikatwa pale ambapo mimi ningeongeza maelezo.

Nikaandika upya. Mke sasa amesimama nje ya nyumba ya mumewe, mvua inamnyeshea, na ufunguo anao mkononi. Umeme ulipokatika tena, nikasoma. Vijiko vikasimama. Nje honi zikalia, mtu akapiga kelele, "Foleni imesogea!" Dereva mmoja akatoka mbio, kisha akarudisha kichwa mlangoni.

"We muuza vitenge, kafungua au hajafungua?"

"Kavushe gari kwanza, utanikuta."

"Nani avuke? Soma bwana!" Akakaa.

Kwa hiyo, mwanangu, baba yako akilalamika kwamba tamthilia zinakula muda wako wa kuandika, mwambie nimekutuma mimi. Ila usinitapeli: tazama kwa kazi. Ukijisahau, rudia kipande hicho ujue walikushika wapi. Ukishika simu, ujue hapo mwandishi alisinzia, nawe usisinzie hapo. Visa vyao waachie. Vya hapa kwetu hujavimaliza.

Mungu akupe wasikilizaji ambao chakula kitawapolea mezani, na karatasi zako zisifungiwe andazi la mtu. Amina.