Kalkuleta Yangu na Kitabu cha Majibu

Nilirudi kwetu Bura kufundisha shule ya msingi, na diploma niliyoipata kwa jasho langu, ya kwanza katika ukoo wetu, na kalkuleta mfukoni. Walimu wenzangu hawakutaka kuiona darasani.

"Utawafanya watoto wavivu wa akili," mwalimu mkuu aliniambia. "Kufikia Ijumaa iwe imebaki nyumbani kwako."

Alhamisi msichana wa darasa la saba alinijia akilia. Mwalimu wa hesabu alikuwa amemchapa kwa sababu jibu lake halikulingana na kitabu cha majibu, kile ambacho walimu hao hao hawakuweza kusahihisha bila kukifungua. Nikalipeleka daftari lake ofisi ya walimu, nikapiga hesabu ile kwa kalkuleta mbele ya wote. Msichana alikuwa amepata. Kitabu ndicho kilichokosea.

"Kimashine hicho kitajua kuliko kitabu?" mwalimu wa hesabu akafoka.

"Basi shika kalamu, mzee, upige hesabu mwenyewe," nikamjibu.

Akapiga mara mbili, zote akapata jibu la msichana. Mwalimu mkuu alisema amri yake iko palepale.

Ijumaa niliingia na kalkuleta darasani, nikampa yule msichana awe wa kwanza kuibonyeza. Wanifukuze, nilijiambia, kama wanaye mwingine mwenye diploma.