Vibuyu Ndani ya Oveni

Mzee Weldon Kipchirchir hakuwahi kupika chakula cha mtu yeyote, hata chake mwenyewe, mpaka alipofikia umri wa kustahili kupikiwa. Si kwamba alikuwa mvivu. Alizeekea katika chumba cha kukaushia majani cha kiwanda kimoja cha chai karibu na Kabianga, mahali ambapo joto humvua mtu koti hata asubuhi ya ukungu. Lakini alilelewa na watu waliosema kwamba mwanamume aliyetoka jandoni haulizi kilichomo chunguni. Huketi akasubiri, na kijacho ndicho akilacho.

Vumbi la chai lilimwachia kifua kibovu. Kwa ajili ya kifua hicho, mkewe Rebeccah aliyaacha mafiga ya jiko la nje, akaleta jiko la umeme lenye sahani nne juu na oveni chini, akaliweka ndani ya nyumba ambako moshi haungemfuata mumewe. Rebeccah alifariki mwaka uliopita, katika msimu wa mvua kama huu. Tangu mazishi, hakuna mkono uliogusa swichi ya jiko lile.

Kwa muda mrefu Mzee Weldon aliishi kwa sahani ya jirani. Christabel Aluoch, aliyekuja zamani kutoka upande wa ziwa na mumewe aliyekuwa karani wa shamba la chai, alimpitishia chakula kwenye pengo la ua kila jioni, kimefunikwa kwa kitambaa, naye Mzee akarudisha sahani hiyo na chupa ya maziwa. Hawakuzungumza sana. Kisha mume wa Christabel akastaafu, lori likaja, na vitanda vyao vikapakiwa vikiwa miguu juu. Christabel alimuuliza jirani yake angekula nini. Mzee akajibu kwamba Mungu hamtupi mja wake, na wote wawili walijua kuwa hilo halikuwa jibu.

Baada ya hapo akawa mtu wa chai ya birika la umeme na mkate. Binti yake, Chepkurui, muuguzi huko Sotik, alipomtembelea alikuta mshipi wa baba yake umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Hakupiga kelele. Alifungua sufuria moja baada ya nyingine, akazifunika tena, akakaa.

"Baba, Jumamosi nakuja na gari," alisema. "Chumba chako kiko tayari. Kitanda nimeshanunua."

Mzee alimweleza, kwa maneno machache kama ilivyokuwa desturi yake, kwamba hangeweza kuondoka. Kaburi la Rebeccah lilikuwa upande wa chini wa mistari ya michai, nalo lilionekana kutoka dirishani. Huko Sotik angekuwa mgeni wa sebuleni, mtu wa kusogezewa stuli na kuulizwa kama anasikia baridi. Chepkurui alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa shauri lake: iwapo Jumamosi angekuta baba yake amepika katika nyumba hii chakula ambacho mtu anaweza kukiita chakula, hangelitaja tena jambo la kuhama. Iwapo sivyo, wangefunga mlango na kuondoka pamoja.

Mzee alikubali. Gari la binti yake lilipopotea kwenye kona, aliingia ndani, akabonyeza swichi ya jiko iliyo ukutani. Taa zikazimika, redio ikanyamaza, na friji ikatetemeka mara moja ikatulia. Alipanda kiti akairudisha swichi kubwa iliyo juu ya mlango, akajaribu jiko tena. Nyumba nzima ikazimika tena.

Alimpigia simu Omariba, fundi wa umeme wa Sotik. Omariba alikuwa Chebunyo akitia nyaya katika jengo jipya, na barabara ya kurudi ilikuwa matope matupu. Hangeweza kufika kabla ya wiki iliyofuata. Lakini hakuikata simu. Aliuliza jiko limekaa muda gani bila kuwashwa, na kama kuna kitu kimewekwa ndani ya oveni.

Mzee aligeuka akalitazama jiko. Ndani ya oveni mlikuwa na vibuyu vya Rebeccah vya kugandishia maziwa ya mursik. Panya walikuwa wameingia jiko la nje, na katika nyumba nzima hapakuwa na kabati lililofunga sawasawa kama mlango wa oveni. Mkewe alivitakasa vibuyu hivyo kwa makaa ya mti wa senetwet, na hiyo ilikuwa kazi ya wanawake ambayo mwanamume haangalii. Kwa hiyo Mzee alifanya alichojua: kila Jumapili baada ya kanisa aliviosha kwa maji, akaviinamisha vikiwa bado vinachuruzika, akaufunga mlango. Hakukuwa na maziwa yaliyowekwa humo. Aliviosha kwa sababu tu vilikuwa vya mkewe.

Alisema, "Kuna vibuyu. Vimeoshwa."

Upande wa pili kukalipuka kicheko. "Nyinyi Wakipsigis mtaniua mimi. Watu wanaweka keki ndani ya oveni, nyinyi mnaweka mursik. Na mkianza kuweka ng'ombe, mtaniita pia?"

"Ng'ombe hatoshei," Mzee alijibu.

Omariba alicheka zaidi, halafu sauti yake ikawa ya kazi. Alieleza kwamba ndani ya koili ya oveni, kile chuma kinachotoa joto, katikati ya waya na bomba lake la chuma, kuna unga mweupe. Unga huo hunywa unyevu kama chumvi inavyonywa wakati wa mvua. Koili inayowashwa kila siku hujikausha yenyewe. Isiyowashwa hulowa kimyakimya, na siku inapoamshwa, umeme hupenyea kwenye chuma, ndipo swichi kubwa hujikata ili mtu asiuawe. Huenda koili haikuwa imekufa. Huenda ilikuwa na maji tu. Ilipaswa kutolewa na kukaushwa polepole, wala isitiwe motoni.

Kazi hiyo Mzee aliifanya asubuhi iliyofuata, kwa utaratibu wa kiwandani. Alizima swichi kubwa, akaifunga kwa utepe ili asijisahau, akagusa nyaya kwa testa kuhakikisha zimelala. Aliviondoa vibuyu akavipanga dirishani. Kisha akapiga magoti, akafungua skrubu mbili nyuma ya oveni na kuivuta koili mbele taratibu, maana Omariba alimwonya kwamba nyaya zikiponyoka na kurudi nyuma ya bati, itabidi jiko lote livunjwe. Alizipiga picha kwa simu kabla ya kuzichomoa, akazibana kwa kibanio cha nguo. Kwenye ncha za koili palikuwa na kutu ya kijani. Aliisugua kwa msasa mpaka shaba ikang'aa.

Akabaki na koili mkononi, na jua halikuwepo. Mvua ya mchana ilikuwa imekwisha kujipanga juu ya vilima. Alijua, kama alivyojua jina lake, kwamba jani linalokaushwa kwa pupa huungua nje na kubaki bichi ndani. Pahali pamoja tu katika boma lile palikausha kitu taratibu hata wakati wa mvua: tabut, ile dari ya fito juu ya mafiga ya jiko la nje, ambako Rebeccah alianika mahindi yake.

Alisimama kwenye mlango wa jiko hilo. Hakuwahi kuwasha moto humo. Alipouwasha hatimaye, kuni zilitoa moshi mwingi kuliko mwako, akakohoa mpaka akashika ukuta. Aliilaza koili juu ya fito, karibu na magunzi yaliyosalia, akatoka kukaa nje upande usiopigwa na moshi, akiingia tu kusukuma kuni.

Mathew, jirani wa upande wa chini, alikuja mbio akiruka vidimbwi, uso umemchangamka.

"Chamgei, mzee. Nimeona moshi kwenye jiko, nikasema hatimaye. Mama mpya ametoka wapi?"

Mzee Weldon alimwambia kwamba hakuna mama. Alikuwa akikausha chuma.

Mathew alichungulia ndani, akaona moto mdogo na chuma juu ya fito, akarudi akiwa hajui afanye nini na uso wake. Aliketi kidogo kwa adabu. Alisema mvua ni nzuri kwa chai. Kisha akaaga, na Mzee akamtazama akishuka, akafikiri ni wangapi kando ya kilima hiki waliouona moshi wake na kufurahi bure.

Aliulinda moto huo siku ile na siku iliyofuata, na Chepkurui alipopiga simu alimwambia tu kwamba jiko limelowa, analikausha. Ijumaa jioni aliirudisha koili kwa kufuata picha, waya wa kijani na manjano ukiwa wa kwanza, akakaza skrubu, akautoa utepe. Alisimama kando kabla ya kubonyeza. Taa hazikuzimika. Redio iliendelea na matangazo ya vifo. Baada ya muda koili ikaanza kuwa nyekundu, kwanza upande mmoja, kisha mwingine, na harufu ya moshi wa kuni ikajaa ndani ya nyumba, ikaondoka kidogo kidogo.

Jumamosi Chepkurui alikuta meza imeandaliwa. Kulikuwa na nyama ya mbuzi na viazi kutoka kwenye oveni, na ugali wenye madonge. Alikula polepole, akaongeza viazi, akafuta sahani kwa donge la mwisho.

"Nani alikufundisha, Baba?"

"Nilikuwa nikimsikia mama yako," alisema. "Kutoka sebuleni. Kitunguu kikiiva hubadilisha sauti."

Chepkurui aliweka kijiko chini. Alitazama dirisha na vibuyu vilivyopangwa hapo, kisha mikono yake mwenyewe.

"Mimi niliomba lisiwake," alisema. "Usiku wote jana. Nyumba yangu pia ni kubwa kwa mtu mmoja, Baba."

Mzee alizivuta sahani mbili upande wake. Alikuwa ameshinda, na hakuona namna ya kuurudisha ushindi bila kuivunja ahadi aliyoikubali mwenyewe. Alimwambia kwamba kuna nyama imebaki, amfungie ya njiani. Chepkurui alisema sawa. Nyuma ya gari lake viti vilikuwa vimelazwa ili kupata nafasi ya mizigo. Alivisimamisha kimoja kimoja, akampungia baba yake mkono, akaondoka kabla mvua haijaiharibu barabara.

Mzee Weldon alirudi ndani akaosha sahani mbili. Oveni ilikuwa imezimwa, lakini bati lake lilikuwa bado likipoa, likitoa mlio mdogo, likanyamaza, likatoa mwingine. Alivuta kiti akakaa karibu nayo, akasikiliza mpaka ikanyamaza kabisa.