Rangi Nyeupe Chini ya Boneti

Jambo la mwisho la kawaida alilofanya marehemu mke wangu ni kuinamia injini ya gari letu na kusema, "Humu mote mna rangi nyeusi. Oili ikivuja tutaionaje?" Tukakubaliana kununua rangi Jumamosi. Hakuifikia Jumamosi hiyo.

Juzi, katika duka la vipuri hapa Tabora, nilimkuta mkulima wa tumbaku kutoka Usoke akichagua rangi ya kupaka ndani ya boneti ya lori lake. Mkewe alikuwa naye. Mwenye duka aliweka makopo mawili mezani, akaapa kwamba yote yanahimili joto na oili.

"Nyeusi," alisema mume. "Haionyeshi uchafu."

"Ndiyo maana siitaki," alijibu mke, akigonga kopo la nyeupe kwa ukucha. "Hii itatuonyesha panapovuja kabla hatujakwama porini na tumbaku."

"Mama watoto, nani atafungua boneti kutazama weupe?"

"Mimi. Wewe huifungua moshi ukishatoka."

Duka zima lilicheka. Mume naye alicheka, akalikwapua kopo jeupe na kulikumbatia kama kuku wa sikukuu. Sisi waume tunapenda rangi ya kuficha; wake zetu wanataka mzigo ufike.

Nami nilinunua nyeupe. Kesho yake asubuhi nilisugua ndani ya boneti kwa mafuta ya taa, nikaosha kwa sabuni, nikapaka. Ilipokauka nilifunga boneti, kisha nikaifungua tena kutazama, maana kazi hiyo sasa ni yangu.