Magoti ya Mama

Ilianza kuja sauti: ko, ko, kisha mkwaruzo mrefu, kama mtu anaburuta ndoo ya chuma juu ya marumaru. Nilikuwa nimejilaza chumbani, nyumbani kwetu Mabela, nchi ya Waarabu, baada ya chakula cha mchana, nikadhani kiyoyozi ndicho kinachokata roho. Nilipofungua mlango nikamkuta Mama ukumbini, kanga kiunoni, miguuni viatu vya kutelezea kwenye theluji. Anavizoea, alisema. Nje, jua lilikuwa limewafukuza hata paka.

Mama ni mwalimu mstaafu na mjane, na goti lake la kulia huamka kabla yake likilalamika. Jamaa walishampangia uzee mzuri: akae, anywe kahawa, aikumbuke Unguja, angoje wajukuu. Badala yake, yeye na wenzake wawili waliostaafu naye walikuwa wakienda kila wiki kwenye ukumbi wa theluji ulio ndani ya duka kubwa, mabuibui yamekunjwa mikobani, wakiteremka na mbao zao miguuni na fimbo mikononi. Sasa walitaka kwenda nchi ya Georgia, kwenye mlima wa kweli.

"Nnataka kuuona kabla goti halijaniamulia," aliniambia.

Daktari wa mifupa, kwa bahati mbaya ya familia, hakukataa. Alisema mchezo ule hutia nguvu mapajani, huupa moyo kazi, na huufundisha mwili kushika mizani, jambo ambalo mtu mzima hulihitaji hata bafuni kwake. Akasema pia, bila kupamba, kwamba mifupa ipimwe kwanza, mwili upashwe moto, ashike miteremko ya wanaojifunza, na akichoka aache, maana mwili uliochoka ndio unaoanguka ukavunja nyonga. Mama akapimwa. Jamaa hawakuwa na haja ya vipimo. Walikwishajua.

Kisha akaanguka. Mkanda wa fimbo ukampinda kidole gumba.

Kidole gumba. Daktari akakifunga, akasema kitapona kabla ya safari. Lakini kwetu mgonjwa hutembelewa, wala hatembelewi mikono mitupu. Alasiri ile majlisi, chumba chetu cha wageni, ilijaa halwa, sambusa, mafuta ya habbat soda na ubani wa kutosha kufukiza mtaa. Wanawake walizungumza kwa sauti za matangani. Mmoja alininong'oneza kuuliza kama maskini anaweza kula mwenyewe. Maskini alikuwa jikoni, akiwapikia kahawa kwa mkono mmoja.

Mjomba, kaka yake mkubwa, alikuja kutoka Quriyat kutoa hukumu. Tuliketi chini kuzunguka sinia. Akamega halwa, dawa zake za sukari zikiwa mfukoni mwa kanzu, akatueleza jinsi baridi inavyomwingia mtu nyayoni, ikapanda, ikatua magotini isitoke tena. Magoti yake mwenyewe yameharibika Quriyat, ambako baridi haijapata kufika, ila hakuna aliyekosa adabu kiasi cha kumkumbusha.

Kisha sauti yake ikashuka.

"Tulizaliwa wanne, tumebaki wawili. Nikuage unatembea, nije nikupokee kwenye machela?"

Hapo hata mimi nilikosa la kumcheka.

"Kwenda nnakwenda, Kaka," Mama akasema. "Lakini radhi yako nnaitaka. Sitaki kuteremka nimebeba hasira zako."

Adhana ya Magharibi ikamwokoa Mjomba na jibu. Watu wakainuka, wanawe wakatangulia kutoa magari, naye akaweka kiganja chini, akajisukuma, akarudi pale pale. Akajaribu tena. Sinia likatetemeka.

Mama alikuwa amekaa kitako, birika mkono mzima, mkono mwingine na bendeji. Akasimama. Hakushika ukuta wala bega la mtu. Alipanda tu, kama moshi wa ule ubani. Akaweka birika, akatanua miguu, akakunja magoti kidogo kama alivyofundishwa, akampa kaka yake mkono mzima na kumvuta mpaka juu.

Mjomba hakuuachia upesi.

"Mapaja haya umeyapata wapi, bibi wee?"

"Dukani, Kaka."

Mjomba akafungua kilemba chake cha sufu, akabaki na kofia, akamtupia begani.

"Yafunge magoti hayo. Na usishindane na watoto wa watu."

Siku ya safari jamaa walijaza sanduku lake halwa, kwa sababu hawakuamini kama Georgia kuna chakula. Viatu vikakosa nafasi, akavivaa. Nikamsikia ukumbini, ko, ko, kilemba kimefungwa gotini juu ya suruali, goti la kulia bila shaka likinung'unika. Gari lilikuwa likingoja. Aliniambia nisisahau kumwagilia mrehani, akavuka kizingiti, na mlango ukajifunga nyuma yake.